Rubani wa Mashine: Namna ya Kutafuta Kiendeshi Kinachopatana na Kompyuta

Hori ya Sudi, kusini mwa mji wa Lindi, ni bandari ya asili iliyositirika kwa mikoko. Mwezi Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani iliyoitwa Marie ilizikwepa manowari za Waingereza ikaingia humo na shehena ya mizinga na risasi. Nahodha mgeni, hata akiwa hodari kiasi gani huko atokako, aingiapo mlango kama huo humhitaji mtu ayajuaye mafungu, miamba na mikondo ya mahali. Mtu huyo kwa Kiswahili ni rubani. Siku hizi neno hilo twalisikia zaidi katika habari za ndege, lakini mabaharia walikuwa nalo kabla ndege hazijabuniwa.

Kompyuta nayo ina marubani wake. Wataalamu huwaita viendeshi. Mafundi wa mitaani husema draiva. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji kiendeshi ni kitu gani, kwa nini hukosekana, na hatua za kufuata ili kukipata. Jambo hili si dogo, kwani zipo mashine zilizokwisha kuandikwa kuwa zimekufa ambazo hazina ugonjwa wowote ila kukosa rubani.

Kazi ya kiendeshi

Kompyuta ina sehemu mbili: maunzi, yaani vile vyombo vinavyoshikika kwa mkono, na programu, yaani maagizo. Programu kuu inayosimamia nyingine zote huitwa mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi, na Linux vivyo hivyo.

Mfumo endeshi hauwezi kuijua lugha ya kila kifaa kilichopata kutengenezwa duniani. Unapoamuru barua ichapwe, mfumo hutoa agizo la jumla tu: "chapa ukurasa huu." Kiendeshi ndicho kinacholipokea agizo hilo na kulifasiri katika ishara ambazo printa ile, ya aina ile, huzielewa. Kikikosekana, printa hukaa mezani ikiwaka taa, nzima kabisa, lakini kama kiziwi.

Mashine iliyofanywa marehemu

Miaka michache iliyopita nilikwenda pwani hiyo ya Sudi kwa shughuli za kifamilia. Mwalimu mmoja wa sekondari alipopata habari kwamba nafundisha chuo kikuu, alinikaribisha shuleni kwake. Kabatini mlikuwa na kompyuta na printa walizopewa msaada.

"Daktari, hivi vimekwisha kufa," aliniambia. "Tumeviweka kwa heshima ya marehemu tu."

Nilipouliza zaidi nilielezwa kwamba fundi alikuwa ameondoa Windows 7 na kuweka Windows 10. Tangu siku hiyo mashine haikuona mtandao wala printa. Mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ilikuwa ikipelekwa Lindi kwa pikipiki ikachapwe, na fedha zilipokosekana, maswali yaliandikwa ubaoni, wanafunzi wa nyuma wakikodoa macho.

Niliahidi kurudi na dawa. Safari iliyofuata nilileta kutoka Dar es Salaam viendeshi vya Windows 10, nikaviingiza mbele ya walimu wote. Mashine ikavikataa kimojakimoja. Nilikuwa nimechukua vya biti 64, kumbe mfumo uliowekwa ulikuwa wa biti 32. Shahada yangu ya ng'ambo haikunisaidia kitu, kwa sababu sikuwa nimeiuliza mashine jina lake kabla ya kuitafutia rubani.

Sababu za kutopatana

Kosa langu lilikuwa moja kati ya matatu yanayotokea mara kwa mara.

Kwanza, kizazi cha mfumo. Windows Vista ilipotolewa kwa umma mwaka 2007 ilibadili taratibu nyingi za viendeshi, na vifaa vingi vilivyofanya kazi chini ya Windows XP vikakwama.

Pili, idadi ya biti. Huu ni upana wa njia ambamo mfumo hupitisha hesabu zake. Kiendeshi cha biti 32 hakifanyi kazi katika mfumo wa biti 64, wala cha biti 64 katika mfumo wa biti 32. Windows 10 ilitolewa kwa namna zote mbili; Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 tu.

Tatu, mtengenezaji kuchoka. Kampuni hupata faida kwa kuuza kifaa kipya kuliko kuandika kiendeshi kipya kwa ajili ya kifaa cha zamani. Microsoft nayo ilikoma kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo swali hili litaendelea kuwarudia wenye mashine za mitumba.

Kusoma jina la kifaa

Jina lililobandikwa juu ya sanduku halitoshi, kwa maana kampuni huweza kuuza vifaa viwili tofauti ndani kwa jina moja. Jina la kweli ni namba iliyomo ndani ya kifaa chenyewe.

Katika Windows, fungua ukurasa uitwao Device Manager, uchague kifaa chenye alama ya mshangao ya manjano, kisha katika maelezo yake utafute namba za utambulisho. Utaona maandishi kama VEN_10EC, yakifuatwa na DEV na namba nyingine. Sehemu ya kwanza humtaja mtengenezaji, ya pili humtaja mtoto wake. Vifaa vya USB hutumia herufi VID na PID kwa maana hiyohiyo. Katika Linux, amri ya lspci -nn na ile ya lsusb hutoa habari hizo.

Namba hizi huandikwa kwa tarakimu 16 badala ya 10: baada ya 9 hufuata A hadi F. Kwa nafasi nne hupatikana namba 65,536. 10EC ni kampuni ya Realtek, 12D1 ni Huawei, na Intel ilijichukulia 8086, namba ya kichakataji chake mashuhuri cha mwaka 1978.

Pale shuleni niliziandika namba hizo kwenye karatasi, pamoja na aina ya mfumo na idadi ya biti. Karatasi hiyo ilikuwa na thamani kuliko viendeshi vyote nilivyobeba.

Mahali pa kutafuta

Palikuwa na kitendawili: ili mashine ipate mtandao ilihitaji kiendeshi, na ili ipate kiendeshi ilihitaji mtandao. Njia ni mbili. Unaweza kupakua katika mashine nyingine na kubeba kwa flashi. Au uunganishe simu kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe mtandao, kwani mara nyingi mfumo huitambua simu bila msaada. Nilifuata njia ya kwanza, kwa msaada wa duka moja mjini Lindi.

Anza kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, kisha ya mtengenezaji wa kifaa kilichotajwa na namba. Kwa mtandao tulifanikiwa. Kwa printa hatukufanikiwa: mtengenezaji hakuwa ameandika kiendeshi cha mfumo ule. Hata hivyo hatukukata tamaa, maana printa nyingi husema lugha za jumla. Mbili zilizoenea ni PostScript ya kampuni ya Adobe na PCL ya Hewlett-Packard. Kitabu cha printa kilisema inaelewa PCL; tukaipa kiendeshi cha jumla cha lugha hiyo. Karatasi ya kwanza kutoka ilikuwa mtihani wa hisabati, na mwalimu aliishika kwa mikono miwili.

Njia ya tatu ni kubadili mfumo. Takriban mwaka 1980, katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox ili iwaarifu watumiaji karatasi inapokwama. Mwenye nakala ya maandishi asilia alimnyima, akisema ameahidi kutompa mtu. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa programu ambazo maandishi yake ni wazi kwa wote. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Ufini akaanzisha Linux. Leo zaidi ya nusu ya maandishi ya kiini cha Linux ni viendeshi, na vingi vyahudumia vifaa ambavyo watengenezaji wake wamekwisha kuvisahau. Mtu aweza kuijaribu Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, akaona vipi vinatambuliwa.

Tahadhari

Kiendeshi hupewa madaraka makubwa ndani ya mfumo, kama rubani akabidhiwapo usukani. Tarehe 19 Julai 2024 hitilafu katika sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike, ambayo hufanya kazi katika ngazi hiyo, iliangusha takriban kompyuta milioni 8.5 duniani. Ikiwa kosa lisilokusudiwa laweza kuleta hayo, programu ya mwizi je? Jihadhari na tovuti ziahidizo kukutafutia viendeshi vyote kwa bofyo moja. Baadhi yake huleta virusi.

Aidha, kabla ya kubadili mfumo wowote, hifadhi viendeshi vilivyopo. Katika Windows 10 na 11, tengeneza folda iitwayo viendeshi kwenye flashi, kisha ukiwa na mamlaka ya msimamizi andika amri hii, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa D:

pnputil /export-driver * D:\viendeshi

Hapo shuleni flashi hiyo imewekwa ndani ya bahasha, pamoja na ile karatasi ya namba, nayo imebandikwa ubavuni mwa kompyuta.

Wajibu wetu

Hapana budi shule, zahanati na ofisi zetu zipokeapo msaada wa mashine zimwulize mtoaji maswali matatu: mfumo gani, biti ngapi, na viendeshi viko wapi? Mashine iletwayo bila majibu hayo ni mzigo uliotupwa ufukoni. Na kwa fundi rai ni moja: usitangaze kifo kabla ya kusoma namba. Mwalimu yule hakuhitaji kompyuta mpya. Alihitaji mtu wa kuiuliza ile ya zamani jina lake.