Mtoa mada mkuu hulipwa wa mwisho

Katika bajeti ya kongamano la kampuni jijini Dar es Salaam, ukumbi hulipiwa kabla mtu yeyote hajaketi. Mpishi huchukua malipo ya awali ndipo aende sokoni. Mwenye muziki hashushi spika kwenye gari mpaka aone ujumbe wa muamala. Anayebaki kusubiri ni mtoa mada mkuu, yule ambaye picha yake ndiyo iliyowekwa kwenye bango ili watu wajiandikishe.

Sababu haijifichi. Mpishi asipolipwa, sufuria hazishuki. Hotuba ikishatolewa, hakuna cha kurudisha wala cha kuzuia.

Mtoa mada mmoja wa Dar es Salaam, anayezungumzia uongozi na huduma kwa wateja, ameomba asitajwe kwa sababu bado anawadai watu anaotarajia wamwite tena. Mzunguko anaoueleza wenzake watautambua mara moja. Simu inapigwa siku chache kabla ya tukio. Anatuma profoma. Anaambiwa LPO, hati ya mteja ya kuagiza huduma, iko njiani, anapanda jukwaani bila kuiona, nayo inatoka baada ya watu kurudi kazini. Kisha mhasibu anataka risiti ya EFD, mashine ya kodi, kabla ya kulipa. Hilo, anasema, linamuuma kuliko ucheleweshaji wenyewe: risiti ikishatoka, mauzo yameingia kwenye hesabu za kodi ilhali mfukoni hakuna kitu. Akikataa kuitoa, faili halisogei. Akiitoa, anasubiri miezi, na kila akipiga simu anaambiwa mtia saini yuko safarini.

Ana malalamiko mengine. Mgeni rasmi akichelewa, dakika 45 za mada kuu hugeuka 15, na wapo wateja wanaotaka bei nayo ipungue. Wengine humrekodi, kisha huwaonyesha rekodi hiyo wafanyakazi wa matawi ya mikoani mwaka mzima kama mafunzo, bila kumwongezea senti. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda hotuba na mihadhara, lakini mtu anayefanya kazi bila mkataba wa maandishi atapata shida kuitumia. Na wengi hufanya kazi hivyo.

Kwa upande wa makato ya kodi, ofisa mmoja anayeshughulikia masuala hayo haoni tatizo kubwa kiasi hicho. Anasisitiza tarakimu moja: asilimia 5. Hiyo ndiyo kodi ya zuio anayokatwa mkazi wa Tanzania kwenye ada ya huduma, na kwa maelezo yake si mzigo mpya, kwani hupunguzwa kwenye kodi ya mwaka ya mlipwaji. Kwenye karatasi yuko sahihi. Kwenye ada ya shilingi milioni 3, makato ni 150,000, na yana mahali pa kurudi. Tatizo ni kwamba kuyadai kunahitaji hati kutoka kwa mteja aliyekata, na mteja anayechelewesha malipo hana haraka ya kutoa hati. Ofisa alipoulizwa kuhusu hilo, alirudi kwenye asilimia 5.

Kwa wanaovuka mpaka, hesabu ni nzito zaidi. Asiye mkazi hukatwa asilimia 15 Tanzania na 20 Kenya, ndiyo maana wazoefu hutaja bei ya mkononi na kumwachia mteja kodi. Anayetaka dola 1,000 mkononi akiitwa Dar es Salaam humgharimu mteja takriban dola 1,176, kabla ya nauli na hoteli. Kamati nyingi hugundua hilo baada ya bajeti kupitishwa.

Kazi zenyewe huja kwa msimu. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, wazungumzaji wa kike hugombaniwa. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni ya huduma kwa wateja. Desemba ni sherehe za kufunga mwaka. Taasisi za umma hukimbizana na Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, kisha Julai huwa kimya. Soko hilo la umma halitabiriki. Serikali ya awamu ya tano, iliyoingia madarakani mwishoni mwa 2015, iliagiza mikutano ihamie kumbi za serikali badala ya hoteli, na wazungumzaji walioutegemea mfuko wa serikali waliumia. Nchini Kenya, madeni ya serikali kuu kwa watoa huduma na wakandarasi yalipita shilingi za Kenya bilioni 500 mwaka 2024. Tangu Januari mwaka huohuo, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, haikubaliki kwenye hesabu za kodi za kampuni, jambo linalowafungia mlango wazungumzaji wasiojisajili.

Wanunuzi nao wana lao: baadhi ya wazungumzaji hurudia mada ileile kwa benki, kwa wakulima wa korosho na kwa wahitimu wa chuo. Ni lawama ya kweli, ingawa anayeitwa siku nne kabla hana muda wa kuandaa mpya.

Marekani, ambako mawakala wa wazungumzaji walianza kazi Boston mwaka 1868, wakala hukata kamisheni, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 30, lakini huandika mkataba na kudai amana mapema. Hapa nafasi hiyo imeshikwa na waandaaji wa hafla, ambao huongeza cha juu kwenye bei ya mzungumzaji bila kumlinda asikopwe.

Waandaaji hao wana matumaini na AFCON 2027, fainali za soka za Afrika zitakazochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, kwamba mashindano yatavuta mikutano ya wadhamini. Huenda ikawa hivyo. Lakini wadhamini wakubwa huweza kuja na wazungumzaji wao, na wingi wa kazi peke yake hautabadilisha utaratibu wa malipo. Wazungumzaji wachache wa hapa wameanza kudai nusu ya ada kabla ya kutoa tarehe. Wenye majina makubwa hukubaliwa. Wanaoanza huambiwa kuna mwingine atakayekuja kwa nauli tu.