Namba ya Siri Iliyogoma Kufutika

Programu inayopokea namba ya siri ya mteja ina wajibu nisioukubalia visingizio: ikimaliza kuitumia, iifute kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kazi yangu ni kukagua msimbo wa C++, na hapo nimeona kompaila ikiwaacha mdomo wazi hata mafundi waliobobea.

Katika C++, kitu kisichohitajika tena huondolewa kwa delete, na kumbukumbu kiliyoikalia hurudishwa ili itumike kwingine. Lugha inakuruhusu kuandika delete yako mwenyewe. Kijana ninayefanya naye kazi aliandika ya kwake kwa nia njema: memset ijaze sufuri palipokuwa na namba ya siri, kisha free irudishe kumbukumbu. Akaijaribu kwenye mashine yake, sufuri tupu. Tulipoikompaili upya kwa -O2, kiwango cha kuongeza kasi tunachotumia kwa programu za wateja, dibaga ilituonyesha namba ikiwa palepale.

"Dada, mbona mstari wenyewe upo?" akaniuliza.

Upo kwenye maandishi yake. Kwenye programu iliyotoka, kompaila iliuondoa, na kwa sheria za lugha ina haki. Baada ya free, hakuna anayeruhusiwa kuisoma kumbukumbu ile, kwa hiyo kuijaza sufuri ni sawa na kupaka rangi nyumba itakayobomolewa kesho. Kompaila haimhesabu mwizi, naye mwizi hafuati sheria za C++. Mwaka 2014 dosari ya Heartbleed katika maktaba ya usimbaji ya OpenSSL iliwawezesha watu wa mbali kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kwa mara moja, na nywila zilikuwa miongoni mwa vilivyoweza kuvuja.

Upande wa kuumba kitu kwa new nao una mtego. Wapo walioandika new yao ijaze sufuri kabla kitu hakijaumbwa, wakazitegemea sufuri hizo. Kompaila ya GCC 6 ya mwaka 2016 ikaanza kuzihesabu kuwa hazina kazi na kuziondoa. Chaguo la -fno-lifetime-dse huzuia hilo, lakini tiba ya kweli ni kurekebisha msimbo.

Kwa kufuta siri, mfumo endeshi wa OpenBSD ulileta explicit_bzero mwaka 2014, ambayo kompaila hairuhusiwi kuitupa. Glibc, maktaba ya C ya Linux, ikaipata katika toleo la 2.25, mwaka 2017. Windows ina SecureZeroMemory. Kiwango cha lugha ya C chenyewe kilingoja hadi C23 ndipo kikaweka memset_explicit, na kwangu huko ni kuchelewa kusikokubalika, maana hatari hii ilijulikana miaka mingi.

Wewe unayeandika programu za fedha au za hospitali, tafuta leo kila memset inayofuatwa na free katika msimbo wako. Kisha fanya majaribio kwa programu ileile utakayomkabidhi mteja, ikiwa imekompailiwa kwa kiwango kilekile.