Wafu 95,000 na dada mmoja anayesubiri

Ukishuka Kariakoo, Dar es Salaam, kununua vitenge, ni rahisi kusahau jina lile limetoka wapi. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wapagazi wapatao 95,000 walikufa upande wa Uingereza katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa magonjwa na njaa.

Hebu isome tena hiyo namba. Imekuuma? Kama haijakuuma, usijilaumu. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha utafiti wa michango. Waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali mwenye miaka 7 walitoa pesa nyingi kuliko waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa. Kumbe hata takwimu zilipoongezwa kwenye habari za msichana yule, michango ilishuka! Akili yetu humwona mtu, umati huipita.

Hapo ndipo riwaya ya kihistoria inaposaidia. Chukua Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar. Ilyas anajiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani, anamwacha dada yake, Afiya. Kisha habari zake zinakatika. Vita vinaisha, Afiya anaolewa, anazaa, na bado hajui kaka yake yuko wapi. Mwisho wake sikwambii, usome mwenyewe. Ila msomaji anayefuata kurasa zile anasubiri pamoja na Afiya, na anajifunza jambo ambalo jedwali halina: msiba wa vita hauishi siku bunduki zinaponyamaza. Takwimu hutwambia walikufa wangapi. Riwaya hutwambia waliobaki walisubiri kwa muda gani.

Tusitie chumvi, lakini. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliodai kwamba kusoma hadithi za kifasihi kwa muda mfupi tu kunanoa uwezo wa kutambua hisia za wenzetu. Watafiti wengine waliporudia majaribio, hawakuyapata matokeo yale. Riwaya siyo sindano, uchomwe leo upate huruma kesho. Na Ilyas ni wa kubuni. Hawezi kuwasemea askari wote.

Kwa hiyo soma vyote viwili. Historia ikupe ukubwa wa vita, riwaya ikupe uzito wake. Halafu waulize wazee nyumbani: kwetu, nani aliondoka asirudi?