Mluzi Unaopanda Mlima Kitonga

Swali limetoka kwa dereva wa lori la mizigo, njia yake Dar es Salaam hadi Tunduma. Ana laptopu iliyojaa muziki: dansi la zamani, rumba ya Kongo, na taarabu ambayo anadai ni ya utingo. Ameiunganisha na redio ya lori kwa ule waya mwembamba wenye pini ya hedifoni kila upande. Laptopu ikitumia betri yake, gitaa linalia safi. Akichomeka chaja kwenye tundu la kuwashia sigara, mluzi unaingia papo hapo. Wenyewe hautulii: akikanyaga mafuta unapanda, akiachia unashuka, akibadili gia unaanza upya, na kwenye kona za Kitonga hasikii kingine. Fundi wa kwanza alimwambia spika zimechoka. Wa pili akamuuzia redio nyingine. Mluzi ukabaki. Sasa anauliza: je, nyimbo zimeingiwa na virusi?

Hapana. Nyimbo ni nzima, redio ni nzima, na spika huenda ni nzima kuliko zangu. Sitaeleza jinsi wimbo unavyogeuzwa tarakimu na kurudishwa kuwa sauti; hayo yameandikwa mpaka yamechosha. Kinachonifurahisha ni huo mluzi, kwa sababu si kelele ya ovyo. Ni noti kamili, kimo chake kinapigiwa hesabu, na mpigaji wake ni alteneta.

Ndani ya alteneta kuna rota, yaani sumaku ya umeme inayozungushwa na mkanda wa injini. Imezungukwa na makundi matatu ya koili yaliyopangwa kwa kupishana, na kila kundi hutoa umeme wa kwenda na kurudi. Betri haiutaki umeme wa namna hiyo. Kwa hiyo kabla haujatoka hupitishwa kwenye dayodi sita, ambazo kazi yake ni kuruhusu njia moja tu. Unaotoka ni umeme wa upande mmoja, lakini haukunyooka kama wa betri: una vinundu mgongoni. Makundi matatu ya koili, kila moja likichangia kinundu umeme ukienda na kingine ukirudi, hufanya vinundu sita katika kila mzunguko wa umeme.

Tuchukue rota ya kawaida yenye jozi sita za ncha za sumaku. Ikizunguka mara moja imeleta mizunguko sita ya umeme, kila mmoja na vinundu vyake sita, jumla 36. Injini ya lori ikinguruma bila kukanyagwa mafuta huzunguka kama mara 600 kwa dakika. Puli ya injini ni kubwa kuliko ya alteneta, tuseme mara tatu, basi alteneta inazunguka mara 1,800 kwa dakika, yaani 30 kwa sekunde. Zidisha 30 kwa 36: vinundu 1,080 kila sekunde. Kwenye gitaa la solo, waya mwembamba kabisa ukibanwa kwenye freti ya 20 hutoa mitetemo kama 1,047 kwa sekunde, na kwenye freti ya 21 kama 1,109. Lori lililosimama Mikumi, injini ikinguruma, linapiga noti iliyojibanza katikati ya freti hizo mbili. Mpiga solo hawezi kuifikia bila kuuvuta waya.

Sasa kanyaga mafuta hadi injini ifike mizunguko 1,500 kwa dakika. Mluzi umekuwa mitetemo 2,700. Gitaa limeachwa nyuma, na tumeingia eneo ambalo sikio la binadamu husikia kwa wepesi kuliko jingine lote, kati ya mitetemo kama 2,000 na 5,000 kwa sekunde. Ndiyo maana mluzi mdogo unaudhi kiasi hicho. Raha yangu ni kwamba hesabu hii inarudi nyuma pia. Mwenye kinanda akiitafuta noti ya mluzi, akagawanya mitetemo yake kwa 1.8, anapata mwendo wa injini bila kutazama dashibodi. (Puli za lori lako zikiwa na uwiano mwingine, kigawanyo nacho kitakuwa kingine.)

Lakini mbona unasikika chaja ikichomekwa tu? Hapa kuna neno la kunyoosha kwanza. Mafundi husema ethi, vitabu vya shule vinasema ardhi, na yote mawili yananikera, maana lori limekaa juu ya mpira wala halijagusa ardhi popote. Kinachoitwa ethi ni chesisi, chuma ambacho taa, mota na redio zote hurudishia umeme wake. Nitaiita sifuri ya gari, kwa kuwa ndipo kila kifaa kinapoanzia kuhesabu volti. Ubaya ni kwamba sifuri hiyo si sifuri. Chuma kina ukinzani kidogo, na boliti yenye kutu ina zaidi. Pitisha ampea 20 kwenye ukinzani wa ohm 0.005 na utapata volti 0.1 kati ya sehemu mbili zinazodaiwa kuwa sawa. Muziki wote unaotoka kwenye tundu la hedifoni kwa kawaida haufiki mbali na volti 1.

Chukua mashua mbili zilizotia nanga mbele ya Bagamoyo. Kwenye ya kwanza mtu anapandisha na kushusha bendera mlingotini. Kwenye ya pili kuna karani anayeandika imepanda kiasi gani. Bahari ikiwa shwari, daftari linasema kweli. Upepo ukivuma, mashua ya kwanza inapanda wimbi huku ya pili inashuka. Bendera haijaguswa, lakini karani, anayepima kutoka sakafu ya mashua yake, anaandika kwamba imepanda. Wala hasemi uongo, ndivyo alivyoona. Redio ni karani huyo, na laptopu ndiye mwenye bendera. Kwa njia ya chaja, laptopu imetia nanga kwenye tundu la sigara. Redio imetia nanga yake nyuma ya dashibodi, kwenye boliti nyingine. Mawimbi ni vinundu vya alteneta. Ukiichomoa chaja, laptopu imeng'oa nanga: inabaki imefungwa kamba kwenye mashua ya redio, zinapanda na kushuka pamoja, na karani haoni ila bendera. Kamba yenyewe ni ule uzi wa sifuri ndani ya waya wa hedifoni. Iko hapo hata chaja ikichomekwa, lakini ni nyembamba mno kuzilazimisha mashua mbili zenye nanga zitembee kwa pamoja. Badala yake inageuka njia ya mkondo wa kelele: chesisi, chaja, laptopu, waya, redio, chesisi tena. Kitanzi kimefunga.

Dawa ni karani apime bendera kutoka sakafu ya mwenye bendera. Kifaa cha kazi hiyo ni kisanduku kidogo chenye pini upande mmoja na tundu upande wa pili, na ndani yake mna transfoma mbili, moja ya spika za kushoto, nyingine za kulia. Koili ya kwanza inasikia tofauti kati ya muziki wa laptopu na sifuri ya laptopu hiyo hiyo, basi. Tofauti hiyo inavuka kwa sumaku hadi koili ya pili, na hakuna shaba inayounganisha pande mbili. Ni pete ya Michael Faraday ileile ya tarehe 29 Agosti 1831, chuma kimoja na koili mbili zisizogusana, imepunguzwa ikaenea kiganjani. Ile kaseti bandia yenye mkia wa waya, iliyokuwa inasukumwa kwenye redio za zamani, nayo ilivusha muziki kwa sumaku tu. Bluetooth, kwa kutokuwa na waya, hukata kitanzi pia.

Visanduku vya bei ya chini hupunguza besi kidogo. Mluzi ukiendelea hata laptopu ikiwa imechomolewa kabisa kwenye redio na chaja, mwonyeshe fundi alteneta, kwani dayodi moja ikifa vinundu hukua. Na usijaribu kuikwepa chaja ya volti 24 kwa kuvuta volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili za lori, utaziua zote.

Basi, ndugu dereva, usinunue redio ya tatu. Tafuta hicho kisanduku, kikae kati ya laptopu na redio, na chaja iache pale ilipo. Kuchagua nyimbo mwachie utingo, hata kama atakuwekea taarabu mpaka Tunduma.