Maji ya Bustani ni Mali ya Watu

Mtu wa kazi apatapo likizo, swali la kwanza nyumbani kwake huwa ni hili: twende wapi na watoto? Mwenye fedha hana taabu ya kujibu. Asiye nazo huhesabu nauli, akahesabu na vichwa vya watoto, kisha akasema, "Mwaka huu tutakaa papa hapa." Leo twapenda kusimulia habari za ziwa moja lililo katikati ya London, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kwa kila mji wenye watu wa kazi.

Ziwa hilo ni Serpentine, katika bustani ya Hyde Park. Halikuumbwa na maumbile, bali lilianza kufanyizwa mwaka 1730 kwa matakwa ya Malkia Caroline, kwa kuziba kijito cha Westbourne. Baadaye mji ulipokua, kijito hicho kilijaa uchafu, na mwaka 1834 ikabidi ziwa litengwe nacho na kupewa maji mengine. Tangu mwaka 1864 kiko chama cha waogeleaji ambacho hushindana humo asubuhi ya Krismasi, katika baridi kali. Lakini kwa miaka mingi kuoga humo kulikuwa ni jambo la wanaume na la saa za alfajiri. Mama na watoto walibaki ukingoni wakitazama.

Aliyeligeuza jambo hilo ni George Lansbury, mwana wa chama cha Labour, aliyekuwa zamani mhariri wa gazeti la wafanyakazi la Daily Herald. Mtu huyu aliwajua maskini. Mwaka 1921 yeye na madiwani wenzake wa Poplar walifungwa gerezani kwa kukataa kuwatwisha maskini wao mzigo wa kodi usio wa haki. Chama chake kiliposhika serikali mwaka 1929, alikabidhiwa wizara iliyotunza majengo na bustani za taifa. Wengi waliiona kuwa ni wizara ndogo. Yeye hakuidharau. Mwaka 1930 alifungua katika Serpentine mahali pa kuogelea wanaume, wanawake na watoto pamoja. Wako walionung'unika kuwa si adabu. Lakini watu walikwenda kwa wingi, na mahali hapo pakaitwa kwa jina lake.

Tukumbuke hali ya siku zile. Sheria ya Uingereza ya likizo zenye mshahara ilitungwa mwaka 1938 tu. Basi mwaka 1930 wafanyakazi wengi hawakuwa na likizo ya kulipwa, wala nauli ya kwenda pwani. Lansbury hakuwaahidi bahari. Aliwafungulia maji yaliyokuwa karibu nao. Hata leo jamaa huenda huko wakati wa kiangazi, na mwaka 2012 waogeleaji wa Olimpiki walishindana kilometa 10 katika ziwa hilo hilo.

Hata hivyo, maji hayana rafiki. Ziwa si kama birika la kuogelea: chini hakuonekani, na ubaridi humshika mtu pumzi ghafula. Aingiaye na aingie polepole. Akishikwa na baridi, asipapatike. Alale chali, aelee mpaka pumzi imrudie. Mtoto mdogo asiachwe mbali na mkono wa mzazi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikufa katika nchi zisizo tajiri, yaani nchi kama zetu.

Hatusemi tuige kwa upofu. Maji yetu yana mambo yake: mna kichocho katika fukwe nyingi za maziwa, na pengine mna mamba. Kumwambia mtoto aruke tu majini ni kumdhulumu. Lakini kumkataza maji pasipo kumfundisha nako si kumlinda, maana mtoto wa ziwani na wa pwani atakwenda majini tu, tukitaka tusitake. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kwa hiyo twawaambia viongozi wa miji yetu: pimeni maji, tieni alama mahali palipo salama, wekeni walinzi wanaojua kuokoa, na watoto wafundishwe kuogelea, wasichana kwa wavulana. Wala fukwe za umma zisizungushiwe ua kwa faida ya wachache. Nanyi wanachama, jambo hili lisemeni katika mikutano ya matawi yenu. Lansbury alipewa wizara ndogo, akaitumia kuwapa watu wa kazi siku ya furaha pamoja na watoto wao. Kila mwenye dhamana, hata iwe ndogo namna gani, na ajiulize: yangu nimeitumia kumfungulia nani mlango?