Sauti Iliyopotea Si Akili Iliyopotea: Wenye Ugumu wa Mawasiliano na Siasa ya Maisha ya Kila Siku

Tarehe 8 Agosti 2022, katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Kwa msimu wa 2022/23 Serikali ilikuwa imetenga shilingi bilioni 150, na mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukashuka hadi takriban shilingi 70,000, ilhali bei yake bila ruzuku ilikuwa imevuka shilingi 100,000. Ili mkulima wa Kata ya Mbebe, wilayani Ileje katika Mkoa wa Songwe, anufaike na uamuzi huo, ilimpasa apate habari kwamba mpango upo, ajiandikishe, ataje ukubwa wa shamba lake, apokee namba yake kwa simu, kisha aifikishe kwa wakala wa pembejeo. Hatua zote tano ni za kusikia, kusema, kusoma au kuandika. Mkulima ambaye kiharusi kimemwachia maneno matatu tu kinywani ana shamba lile lile, mvua ile ile na haki ile ile. Lakini asiposaidiwa, atanunua mbolea kwa bei kubwa au atapanda bila mbolea.

Mfano huo unaonyesha jinsi siasa inavyoingia jikoni na shambani bila kubisha hodi. Watu wengi huihesabu siasa kuwa ni majukwaa, bendera na vipaza sauti vya kampeni, mambo yanayokuja kila baada ya miaka mitano na kwenda zake. Hata hivyo bei ya mbolea, dawa zilizopo au zisizopo katika zahanati, mchango wa ujenzi wa darasa na lami ya barabara ya Mpemba hadi Isongole, yenye urefu wa takriban kilomita 50, vyote vilianza kwa watu fulani kukaa, kujadiliana na kuamua. Asiyeelezwa uhusiano huo hubaki akipokea matokeo bila kujua yalikotoka, wala wapi pa kuuliza.

Ni akina nani

Ugumu wa mawasiliano una sura nyingi. Yumo kiziwi asiyepata mkalimani wa lugha ya alama, mwenye kigugumizi kikali, kijana mwenye usonji au ulemavu wa akili, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo ambaye misuli ya kinywa haimtii, na mzee aliyeondolewa zoloto kwa sababu ya saratani. Wamo pia wenye afasia, yaani waliopoteza sehemu ya uwezo wa kutumia lugha baada ya ubongo kuumia, mara nyingi kwa kiharusi.

Kiharusi si ugonjwa wa nchi za mbali. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Hai na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology ulionyesha kwamba, baada ya kurekebisha tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai wapatao 109. Kwa makadirio yanayokubalika na wengi, takriban theluthi moja ya wanaopatwa na kiharusi huwa na afasia katika siku za mwanzo. Baadhi hupona, wengine huishi nayo miaka mingi, nyumbani, mbali na wataalamu wa tiba ya matamshi na lugha, ambao katika Afrika Mashariki bado ni wachache mno.

Katika wilaya kama Ileje lipo jambo jingine la kuzingatia. Wengi huanza kusema Kindali, Kilambya au lugha nyingine ya nyumbani, kisha hujifunza Kiswahili. Wataalamu wa afasia wameona kwamba mtu wa lugha mbili anaweza kurudiwa na lugha moja mapema au vizuri zaidi kuliko nyingine. Kwa hiyo mtu aliyekaa kimya katika mkutano unaoendeshwa kwa Kiswahili huenda angejibu swali lile lile kama angeulizwa polepole kwa lugha aliyoipata kwa mama yake.

Kimya kinachosomwa vibaya

Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alimweleza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi moja, "tan". Mgonjwa huyo alielewa mengi aliyoambiwa, na aliweza kujibu maswali ya hesabu kwa vidole. Baada ya kifo chake Broca alikuta jeraha katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo. Tangu hapo tiba imefahamu kwamba uwezo wa kutoa maneno unaweza kuharibika huku sehemu kubwa ya ufahamu ikibaki. Hali si sawa kwa kila mgonjwa, kwani wapo ambao afasia huwaathiri zaidi katika kuelewa. Lakini hata kwao kuelewa hutegemea namna wanavyosemeshwa.

Mtaani elimu hiyo bado haijafika. Mtu asiyeweza kutaja jina lake huonekana kama mtu asiyejua jina lake. Majirani huanza kumsemea, kisha kumwamulia, hatimaye kusahau kumwita. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema zinapimwa kwa wepesi wa ulimi.

Kosa hilo lina uzito wa kisheria. Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18, na inaliruhusu Bunge kuweka masharti ya kuzuia haki hiyo kwa sababu chache, mojawapo ikiwa ni ugonjwa wa akili. Kupoteza usemi hakumo katika sababu hizo. Pale ambapo jamii inachanganya afasia au uziwi na ugonjwa wa akili, mtu anaweza kunyimwa kwa mazoea kile ambacho sheria haijamnyima. Mhudumu wa afya anayeieleza familia tofauti hiyo anapompeleka mgonjwa nyumbani anafanya kazi ya tiba na ya uraia kwa wakati mmoja.

Ibara ya 18 ya Katiba hiyo inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na Ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unahesabu lugha nyepesi kuwa mojawapo ya njia za mawasiliano. Mwaka uliofuata nchi ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010.

Kuanza na kitu, kumalizia na mtu

Anayetaka kumweleza mwenye afasia au ulemavu wa akili jinsi siasa inavyomgusa asianze na mihimili ya dola. Aanze na kitu kinachoshikika, kisha asogee hatua kwa hatua: kitu chenyewe, kilichobadilika, aliyeamua, na anachoweza kufanya msikilizaji.

Mfano ni mikopo ya halmashauri. Sheria ilirekebishwa mwaka 2018 ili halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili utaratibu upangwe upya, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Maelezo yanaweza kwenda hivi: panga vitu kumi mezani, hata punje kumi za mahindi, tenga nne, nne na mbili, onyesha zile mbili na mguse msikilizaji begani. Onyesha picha ya ofisi ya halmashauri. Sema: "Pesa hii ilisimama. Sasa imerudi. Diwani anaweza kuulizwa." Sentensi tatu fupi na punje kumi hubeba habari ambayo hotuba ya nusu saa huenda isingeifikisha.

Mambo machache husaidia karibu kila mara. Redio izimwe, na msemaji akae mbele ya msikilizaji ili uso uonekane. Sentensi moja ibebe wazo moja. Neno kuu liandikwe kwa herufi kubwa au lichorwe. Maswali yawe ya ndiyo au hapana, au ya kuchagua kati ya picha mbili au tatu, na jibu la kidole, jicho au kichwa lihesabiwe kuwa jibu kamili. Kisha msemaji anyamaze na kusubiri, kwa kuwa anayetafuta neno hukatizwa na haraka ya wengine. Mwisho swali lirudiwe kwa namna nyingine, ili ijulikane kama jibu lilikuwa la kweli au kichwa kilitikiswa kwa adabu tu.

Mbinu hizi zimejaribiwa kwingine. Mjini Toronto, Kanada, Aura Kagan na wenzake waliwafundisha wasemaji wa kawaida kuyabeba mazungumzo pamoja na mwenye afasia kwa maandishi, michoro na ishara. Katika Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, ilibuniwa njia ya mkeka wa picha, ambapo mtu huweka kadi upande wa anachokipenda, asichokipenda au asichokuwa na uhakika nacho. Kadi za namna hiyo zinaweza kuchorwa kwa mkono juu ya makaratasi ya boksi.

Msaidizi na mipaka yake

Hatari kubwa hutoka kwa mtu wa karibu mwenye nia njema. Anayeeleza kwa picha ndiye anayechagua picha. Anayefasiri jicho la mwenzake anaweza kusoma humo maoni yake mwenyewe. Kwa hiyo kadi za wagombea au za hoja ziwe na ukubwa mmoja, zibadilishwe nafasi, na swali liulizwe mara mbili kwa siku tofauti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unatambua msaada wa mtu ambaye mpiga kura mwenyewe amemchagua, na neno zito hapo ni "amemchagua". Mhudumu wa afya aeleze jinsi maamuzi yanavyofanyika na mahali pa kuulizia. Chama chake akiache nyumbani.

Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha matunda ya njia ikifunguliwa. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia katika Bunge la Uganda na kufanya kazi kwa lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Kijijini mlango ulio karibu zaidi ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake na ambao hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo husomwa mapato na matumizi. Hapo hujadiliwa michango. Mwenyekiti anaweza kutuma ajenda mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji, ili nyumba yenye mtu mwenye afasia ipate siku mbili za kumweleza. Anaweza kuhesabu kura kwa mikono iliyoinuliwa, jambo ambalo halimwachi nje asiyesema, na kuruhusu hoja iletwe kwa karatasi au kwa kadi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayezijua nyumba hizo moja moja, anaweza kumtajia mwenyekiti mahitaji ya kila mmoja, kwa ridhaa ya mhusika. Hakuna kati ya hayo linalohitaji bajeti mpya. Yanahitaji mtu mmoja akumbuke, kabla ya kikao kijacho, kupita nyumbani kwa yule anayekaa kimya, akiwa na karatasi, kalamu na muda wa kumsubiri ajibu.