Niobi: upotevu mdogo, gharama kubwa

Gusa waya wa pasi iliyotumika kwa muda: una joto. Huo ni umeme uliopotea njiani. Niobi, metali ambayo miamba yake ipo Kilima cha Panda, Mbeya, ikipozwa hadi nyuzi 265 chini ya sifuri hupitisha umeme usiobadili mwelekeo bila kupoteza chochote.

Baadhi ya mashine za kuharakisha chembe husukuma chembe kwa mawimbi ya redio ndani ya vyumba vya niobi. Mawimbi hayo hubadili mwelekeo mamilioni ya mara kwa sekunde. Elektroni ambazo hazijaungana mbili mbili hutikisika, na joto kidogo hutokea. Kuondoa wati 1 ya joto hilo, kwenye nyuzi 271 chini ya sifuri, hula mamia ya wati za umeme. Hata punje ya vumbi huweza kuongeza upotevu. Ndiyo maana vyumba huoshwa kwa uangalifu mkubwa kabla ya kufungwa.